Miwani ya Zamu

Mtaa mzima ulimwita Mama Kipande, na yeye aliitika bila kununa. Jina lilitokana na sabuni. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wageni, na kila asubuhi, kabla ya kuloweka mashuka, alipita vyumbani akiokota vipande vya sabuni vilivyoachwa na wageni, vingine vyembamba kama ukucha, vingine vikiwa bado na unywele umenasa. Jumamosi alivikwangua, akavichemsha kwa maji kidogo na kuvimimina kwenye kopo la maziwa. Jumapili watu kumi wakaoga kwa mche mmoja wenye rangi tatu na harufu ambayo hakuna kiwanda kingekubali kuwa ni yake. Kwa miaka kumi na tatu nyumba ile haikununua sabuni ya kuogea. Wanaocheka na wacheke, lakini watoto wake walikwenda shule wakiwa safi kuliko wa hao wachekaji.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yeye alizaa wanane. Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu mpole ambaye kucha zake zilikuwa na rangi ya ukuta wa mwisho alioupaka. Kazi zake zilisuasua: wiki hii nyumba mbili, mwezi ujao hata geti la kupaka hakuna. Kwa hiyo nyumba iliendeshwa na mshahara wa chumba cha kufulia pamoja na akili ya Mama Kipande, na katika hivyo viwili akili ndiyo iliyokuwa kubwa. Maharage aliyaloweka tangu jana yake yasije yakala mkaa. Kiberiti hakikuwashwa ikiwa jirani ana moto. Mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kifuniko cha chupa. Mkate aliukata yeye peke yake, maana mtoto hukata mkate kwa tumbo, hakati kwa kisu. Nguo za mkubwa zilimshukia anayefuata, na anayemfuata huyo, hata zikimfikia kitindamimba huwa imebaki mishono tu.

"Haba na haba hujaza kibaba," alipenda kusema.

"Na bandu bandu huisha gogo, mwenzangu," alimjibu jirani yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi usio na breki. "Angalia usije ukawabandua na hao watoto."

Kilichobaki kilikwenda kwenye bati la biskuti, lililofichwa ndani ya gunia la nguo kuukuu. Hiyo ilikuwa pesa ya dharura, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata baba watoto. Tatizo ni kwamba dharura yenyewe haikuwahi kufika ikiwa na sifa zinazotakiwa. Homa haikuwa dharura, kwa sababu homa hupita. Jino halikuwa dharura, kwa sababu jino likichoka litang'oka. Miaka ikaenda, bati likawa zito, na Mama Kipande akawa analala vizuri kwa kujua kwamba lile jambo kubwa likija litamkuta amejiandaa.

Watoto nao walijifunza mapema. Katika nyumba ile sifa hazikwenda kwa aliyeshika namba ya kwanza darasani. Zilikwenda kwa aliyesema "nimeshiba" sufuria ikiwa bado na kitu ndani. Na hakuna aliyesifiwa kuliko kitindamimba, msichana waliyemwita Bibi kwa sababu alichukua sura ya bibi yake mzaa baba na utulivu wa kikongwe. Bibi hakuwahi kulilia kitu. Akipewa nusu alishika nusu, akipewa robo alishika robo, na mama yake alimtolea mfano mbele ya kaka na dada zake mpaka wakamchoka.

Bibi alipokuwa na miaka sita, dada yake, mtoto wa tano wa nyumba ile, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alirudi na barua ya mwalimu. Haoni ubaoni. Mama Kipande aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akampeleka Twiga kliniki ya macho kwa pesa aliyokopa kazini, kwa sababu jambo hilo nalo halikufikia kiwango cha bati.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alimpima Twiga, akaandika namba za miwani, kisha akasema, "Niletee na wadogo zake. Matatizo ya macho hupenda kutembea ndani ya familia. Hasa aliye mdogo kabisa, usimcheleweshe."

"Nitawaleta, daktari," alisema Mama Kipande.

Njiani alipiga hesabu. Kupimwa kulilipiwa kwa kichwa, na yeye alikuwa na vichwa vya kutosha. Alipofika nyumbani ahadi ilikuwa imeshakufa na kuzikwa, wala hakuna aliyeilia.

Mwezi haukuisha, mwalimu wa Bibi naye akamwita. Mtoto anasoma huku amepinda shingo, alisema, kitabu kakiweka upande kama anakisikiliza. Mama Kipande alishukuru, akaenda kazini, na suluhisho likamjia katikati ya kupiga pasi shuka la kitanda kikubwa. Lilimjia lote kwa pamoja, na alijisikia fahari kweli. Shule yao ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo ilisomesha kwa zamu. Twiga aliingia asubuhi, Bibi mchana. Tayari sweta lao lilikuwa moja na mkoba wao mmoja. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, tumbo moja, ugonjwa mmoja. Twiga akitoka saa sita, miwani inakaa bure mpaka kesho yake. Na kitu kinachokaa bure kilimuuma Mama Kipande kuliko jino.

Jioni hiyo alimvalisha Bibi miwani ya dada yake. Ilishuka hadi kwenye mashavu.

"Unaona?"

Bibi alimtazama mama yake. Sijui aliona nini kupitia vile vioo, lakini uso wa mama uliotaka jibu moja tu aliuona, na jibu alikuwa nalo.

"Naona vizuri, mama."

Kuanzia kesho yake, kila saa sita na nusu, makabidhiano yalifanyika kwenye kona mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Twiga alivua sweta, akavua mkoba, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi na kumvika mdogo wake. Fundi cherehani ndiye aliyetoa kipande cha mpira wa kiunoni cha kufunga nyuma ya kichwa ili isianguke. Kisha mmoja alikwenda nyumbani akipapasa njia, mwingine akaenda shule.

Habari ilienea. Baba watoto aliisimulia kazini akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. "Mke wangu anaweza kulisha kijiji kwa yai moja," alisema, na mafundi wenzake wakacheka kwa heshima. Wanawake wawili wa mtaani walikuja kuuliza jinsi anavyofanya, kama watu wanaouliza namna ya kusuka mkeka. Mama Kipande aliwaeleza kwa unyenyekevu wa uongo. Ukweli ni kwamba hakuna siku alizojiona mama bora kama siku zile.

Mwaka wa pili, fundi cherehani alimsimamisha akitoka kazini.

"Mwenzangu, nina neno. Usinikasirikie."

"Ukianza hivyo nishakasirika. Sema."

"Yule Bibi wako. Hatazami ndani ya ile miwani. Anaishusha puani, anachungulia juu yake kama hakimu. Juzi nimemwita kwa upande wa kushoto, nimesimama karibu kabisa, hakuniona mpaka nilipomgusa. Mpeleke akapimwe."

"Akapimwe na nani alipe?"

"Si una watu mnaosaidiana? Mimi mwenyewe naweza kukuongezea kidogo."

Hapo ndipo maneno yalipomchoma. Alisikia msaada kama tusi. Kwa miaka yote ile hakuwa ameomba kwa jirani zaidi ya kaa la moto, na sasa mtu anataka kumpimia mwanawe.

"Jirani," alisema, "wewe una mmoja. Mtu mwenye mmoja anaweza kumpeleka hospitali hata akipiga chafya. Ukizaa wanane njoo unifundishe."

Fundi cherehani alikuwa na mtoto mmoja kwa sababu watatu walimfia, na Mama Kipande alilijua hilo vizuri. Neno likishatoka halirudi. Jirani aligeuka, akakaa kwenye cherehani yake, akashona, na hawakuzungumza tena. Tangu siku ile Mama Kipande alilazimika kununua kiberiti, na nadhani hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Hata hivyo jioni ile alimwita Bibi, akamvalisha miwani, akampa gazeti lililofungiwa sukari. "Soma hapa." Bibi aliinamisha kichwa kidogo, akasoma mistari mitatu bila kukwama. Hakuna kilichozuia mama asione kwamba macho ya mtoto yalipita juu ya fremu. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini yeye alikuwa ameshapata alichotaka kusikia. Alimpiga Bibi busu la kichwani na kumpa kipande cha mkate ambacho hakikuwa kwenye mgawo.

Mambo yakaenda hivyo miaka minne. Kisha Twiga akafaulu, tena vizuri, akachaguliwa shule ya sekondari inayosomesha kutwa nzima. Nyumba ilifurahi, lakini Mama Kipande hakupata usingizi, kwa sababu miwani haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa mara ya kwanza alitoa gunia, akafungua bati. Aliona ni afadhali amalize jambo hili kwa heshima: amnunulie Bibi miwani yake mwenyewe, mpya, kama zawadi ya uvumilivu wake.

Alimshika Bibi mkono, akaanza kwa mtengeneza miwani wa sokoni, mzee mwenye kikoti cheupe chenye doa la chai.

"Nitengenezee nyingine kama hii hii," alimwambia.

Mzee aliigeuza mwangani. "Ya nani?"

"Hii ya dada mtu. Ninayotaka ni ya huyu. Macho yao yamefanana."

"Nani kasema yamefanana?"

Mama Kipande alimsogeza Bibi mbele, kama ushahidi.

"Mama, miwani si ufunguo, kwamba unachonga mwingine," alisema mzee. "Mpeleke akapimwe kwanza. Ukirudi na karatasi nitakutengenezea kesho yake."

Basi wakaenda kliniki, yeye na Bibi, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi. Daktari alikuwa yule yule, nywele zimeanza mvi. Hakumkumbuka Mama Kipande, na Mama Kipande hakumkumbusha. Walikaa kwenye foleni ndefu kando ya mlango ulioachwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani, watoto walisimamishwa mmoja mmoja kusoma herufi ubaoni. Bibi alikaa kimya, mikono mapajani, midomo ikichezacheza kidogo kama mtu anayesali.

Zamu yake ilipofika daktari alimziba jicho la kushoto. Bibi alisoma kuanzia herufi kubwa ya juu mpaka mstari mdogo wa chini, bila kosa. Daktari akatikisa kichwa kukubali, akaziba la kulia. Bibi akasoma tena, upesi kuliko mara ya kwanza, kuanzia juu mpaka chini. Mama Kipande alitabasamu ukutani alipokuwa amesimama. Moyoni alianza kufikiria kwamba pengine hata hiyo miwani haihitajiki, na pesa ingerudi kwenye bati.

Daktari hakutabasamu. Alikwenda ubaoni, akaugeuza. Upande wa pili ulikuwa na herufi nyingine kabisa.

"Soma tena, mwanangu. Jicho lile lile."

Bibi alinyanyua kidevu, akasoma. Alisoma herufi zile zile za mwanzo, kwa sauti ile ile, kwa mpangilio ule ule, mpaka mwisho, kisha akasubiri kuambiwa "vizuri".

Ilimchukua Mama Kipande muda kuelewa alichokiona. Alipoelewa, alitoka ukutani akaenda kusimama nyuma ya mwanawe.

"Huyu haoni kwa jicho la kushoto," alisema daktari alipokwishampima kwa vyombo vingine na kuzima taa yake. "Anaona mwanga na kivuli cha mtu. Hajaanza leo. Jicho lenyewe lilizaliwa dhaifu. Sasa akili ya mtoto ikiona jicho moja halileti kitu, inaliacha, inategemea lile lingine. Ikishaliacha miaka mingi, hata ukilipa miwani nzuri vipi halijui tena kazi yake."

"Na hii aliyokuwa akivaa?"

Daktari aliipima miwani ya Twiga, akaiweka mezani taratibu. "Hii ilimfifishia hata lile zima. Kama amesoma shule miaka minne, amesoma kwa kuchungulia juu yake."

"Angeletwa mapema?"

"Akiwa na miaka sita? Ningempa miwani yake, na kitambaa."

"Kitambaa cha nini?"

"Cha kuziba jicho zima. Saa chache kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kujifunza. Wengi wa umri ule hupona."

"Kitambaa tu?"

"Kitambaa tu, mama. Hata cha nyumbani."

Mama Kipande alifungua mkoba, akatoa fundo la pesa, akaliweka mezani karibu na miwani. "Pesa ninayo, daktari. Hii hapa. Ikipungua ipo nyingine. Niambie ni kiasi gani."

"Si pesa," alisema daktari. "Tutajaribu. Tutampa miwani, tutaziba, utamleta kila mwezi. Lakini sitakudanganya: kwa umri wa miaka kumi, kinachorudi huwa kidogo sana."

Tangu alipoolewa Mama Kipande alikuwa ameishi kwa kuamini kwamba kila shida ya dunia hii mwisho wake ni pesa. Sasa alikuwa amekaa mbele ya shida isiyotaka pesa, na pesa iko mezani. Alilikusanya fundo lake, akalirudisha mkobani, akatoka. Uchungu aliotoka nao pale hauna jina zuri, na mimi sitautafutia.

Nje kulikuwa na benchi. Aliketi na kumvuta mwanawe akae upande wake wa kushoto, kisha akagundua kwamba huo ndio upande ambao Bibi alikuwa akiuchagua siku zote, mezani, kitandani, barabarani, na yeye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Zile herufi ulizijulia wapi?"

"Nilizisikia kwa waliotangulia. Mlango ulikuwa wazi."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini hukuniambia huoni?"

Bibi alifikiri. Alikuwa mtoto wa kujibu alichoulizwa, si zaidi.

"Ulimwambia baba dharura ikiingia nyumba hii, bati litaisha lote. Sikutaka kuwa dharura."

Mama Kipande alifunika macho kwa kiganja. Bibi alimwona analia, akaelewa vibaya, akamshika mkono.

"Usilie, mama. Moja linatosha. Naweza kusoma, naweza kuvuka barabara. Hata miwani wasinitengenezee, si kuna ada ya shule ya Twiga ya kulipa?"

Na alilisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea "nimeshiba". Halafu akainua uso na kusubiri sifa. Hilo ndilo lililomvunja mama. Ungempigia kelele angevumilia, ungemtukana mbele ya watu angevumilia. Mtoto alikuwa amepoteza jicho na alikuwa anasubiri kusifiwa kwa kutolidai.

Walirudi kwa miguu, mama akiwa upande wa kushoto wa mwanawe, karibu sana, kwa hofu iliyochelewa ya mtu anayelinda mlango baada ya mwizi kuondoka. Walipopita kona, fundi cherehani aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, na hakuhitaji kusimuliwa. Mama Kipande alisimama. Alitaka kusema neno ambalo lilimdai kwa miaka miwili, lakini jirani akamwondolea mzigo kwa kuinamia tena kitambaa chake.

Jioni ile, kabla ya chakula, aliwakusanya wote wanane kwenye mabenchi mawili ya sebuleni. Mumewe aliketi mlangoni, habari ameshaipata, anakwangua rangi ya kijani kwenye kucha bila kuinua macho. Mama Kipande alisimama katikati.

"Nataka kila mmoja aniambie," alisema. "Nani anaumwa? Nani ana kitu kinachomsumbua, hata kidogo? Mguu, sikio, tumbo, chochote. Sitakasirika. Pesa ipo. Semeni tu."

Watoto walitazamana. Hawakuwahi kusikia maneno kama yale yakitoka kwenye kinywa kile, na waliyaogopa.

"Mimi sina kitu, mama," alisema wa kwanza.

"Mimi pia niko sawa," alisema wa pili.

"Hata mimi."

"Sina."

"Nawaomba," alisema Mama Kipande, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli, mtu asiyezoea kuomba. "Nawaomba, wanangu. Mnifiche kila kitu, hili msinifiche."

"Tuko sawa, mama," alisema Twiga kwa niaba ya wote, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Na wa sita, mvulana ambaye tangu jana alikuwa akitembea kwa kisigino, akavuta miguu yake chini ya benchi.